Wahudumu wenzangu, mgonjwa kuona majibu yake kwenye simu sio uadui

Mi ni nesi, niko kliniki ya presha na sukari kwenye hospitali moja huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Hospitali yetu iliwafungulia wagonjwa wa kliniki akaunti za mtandaoni, mgonjwa anaingia kwa namba yake ya simu na namba ya siri, anaona majibu ya maabara, dawa alizoandikiwa na tarehe ya kurudi, alafu kuna sehemu ya kujaza presha na sukari anayopima mwenyewe nyumbani na sehemu ya kutuma meseji kliniki. Naandika haya kwa ajili ya wahudumu ambao vituo vyao vinafikiria kufanya hivyo, au vimeshaanza na kazi haiendi. Wagonjwa pia wasome, maana yanawahusu kuliko sisi.

Kitu kimoja nimekiona wazi na ndo sababu ya kuandika: akaunti ile inatumika au inakufa kutokana na mdomo wa mhudumu. Mgonjwa akiuliza "nesi hii ya kwenye simu niifungue?" na wewe ukamjibu "achana nayo hiyo mama, we njoo tu kliniki", hafungui tena, hata kama ana simu nzuri na bando la mwezi mzima. Ukimwambia "fungua jioni uangalie sukari yako, ukija tutaongea hapo", anafungua, na asipoweza mwenyewe atamtafuta mjukuu amfungulie. Kwa hiyo swali la kwanza sio simu wala mtandao, swali la kwanza ni sisi tunaionaje hii kitu moyoni.

Tulipotangaziwa kwenye kikao cha asubuhi maneno yalikuwa mengi. Dokta mmoja alisema mgonjwa akijua sana anasumbua. Mwingine akasema sasa tutakuwa tunatibu simu. Mtu wa maabara akauliza, majibu yakimfikia mgonjwa kabla daktari hajayaona nani atamweleza? Mfamasia alikuwa na wasiwasi watu watachukua ile orodha ya dawa waende nayo duka la dawa wajinunulie miezi na miezi bila kurudi kupimwa. Wenzetu wa mapokezi waliuliza nani atawafundisha wazee kufungua, kwa sababu walijua kazi hiyo ingewaangukia wao. Manesi wengi tulikuwa upande wa kukubali, nadhani kwa sababu sisi ndo tunaulizwa yale maswali ya mlangoni mgonjwa akishatoka kwa daktari, "nesi hivi dokta kasemaje?"

Simdharau yeyote hapo. Hofu hizo zimeulizwa karibu kila nchi iliyojaribu jambo hili. Huko Sweden mkoa wa Uppsala uliwafungulia wananchi mafaili yao mtandaoni mwaka 2012, na madaktari walipinga kwa nguvu, lakini kufikia 2018 mikoa yote 21 ya nchi ile ilikuwa imeunganishwa. Marekani mwaka 2010 madaktari zaidi ya 100 wa Boston, Pennsylvania na Seattle walikubali kufanya jaribio, maelfu ya wagonjwa wao wasome yale maelezo ambayo daktari anayaandika baada ya kumwona mgonjwa, sio vipimo tu bali maelezo yenyewe. Baada ya mwaka mmoja wagonjwa waliosema wamechanganyikiwa, wameogopa au wameudhika na walichosoma walikuwa kati ya asilimia 1 na 8 kutegemea na eneo, wengi wa wale wanaotumia dawa walisema sasa wanazifuata vizuri zaidi, na madaktari walipoambiwa anayetaka kuacha aache, hakuna hata mmoja aliyeacha. Hayo ni majibu ya watu waliojaribu, sio ya waliokaa wakakisia.

Ila niseme na upande wa pili maana upo. Kwenye kipindi cha Covid meseji za wagonjwa kwa madaktari huko Marekani ziliongezeka sana na hazikurudi chini, madaktari wanajibu mpaka usiku wakiwa nyumbani kwao, ikafika mahali hospitali kubwa ya huko, Cleveland Clinic, mwaka 2022 wakaanza kutoza baadhi ya meseji zinazohitaji daktari akae atumie utaalamu wake kujibu. Kwa hiyo dokta wetu aliyesema tutakuwa tunatibu simu alikuwa na hoja. Nitarudi kwenye hilo la meseji kwa sababu lina dawa yake, lakini ni shida ya kupanga kazi, sio sababu ya kumfungia mtu majibu ya damu yake mwenyewe.

Hebu tufikirie maisha ya mgonjwa wa sukari aliyetulia. Anakuja kliniki mara moja kwa mwezi, wengine baada ya miezi miwili au mitatu. Anakaa na daktari dakika chache maana foleni imefika mlangoni. Siku zote zinazobaki anajihudumia mwenyewe, yeye ndo anaamua ugali ni kiasi gani, yeye ndo anaamua msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukifika anywe mtogwa kwa sababu haujakolea na anaona sio pombe, kumbe ule utamu ndo sukari yenyewe, yeye ndo anaamua ameze dawa ya asubuhi kabla ya kwenda kwenye viazi au asubiri mpaka arudi saa saba, yeye ndo anaangalia miguu yake jioni au haangalii. Alafu mtu huyu siku ya kliniki tunamwambia "sukari bado iko juu mama, punguza". Iko juu kiasi gani? Ilikuwa ngapi safari iliyopita? Inashuka au inapanda? Faili limebaki kwetu kabatini, yeye karudi Busokelo na neno moja tu, punguza. Na akirudi sukari haijashuka tunaandika kwamba hafuati masharti.

Na tusiseme jambo hili ni geni kwetu. Kadi ya mtoto inakaa nyumbani, mama anaitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti, na wamama wengi wa huku wanajua mtoto akishuka kutoka kwenye kijani kuna tatizo, hakusomea udaktari, tulimfundisha. Kadi ya mjamzito anatembea nayo. Na mikoa yetu hii ya Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo inayoongoza kwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini, Njombe peke yake asilimia 12.7 kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022-2023, kwa hiyo wahudumu wa huku ndo tulitakiwa kuwa wa kwanza kuelewa. Nenda CTC yoyote, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, utamkuta mtu aliyeishia darasa la saba anakwambia bila kusita wingi wa virusi wake ulikuwa ngapi alipoanza dawa na sasa hauonekani kwenye kipimo. Hatukumwambia akijua sana atasumbua. Tuliona kwamba akijua namba yake anameza dawa, tukamfundisha namba yake. Mgonjwa wa presha ana kosa gani?

Sasa nieleze shida inapotokea, maana inatokea kweli.

Kuna mama mmoja wa upande wa Rungwe alipima picha nzima ya damu, jioni majibu yakaingia kwenye simu. Mle ndani kuna mistari mingi, mstari mmoja pembeni yake una herufi H, nyekundu. Hakulala. Asubuhi alikuwa getini kwetu na binti yake, wamepanda gari la kwanza kabisa, amejifunika kanga mbili kwa baridi na simu kaishika mkononi haijaingia hata kwenye pochi. "Nesi, niambie tu ukweli, ni kansa?" Tukakaa kwenye benchi tukaifungua pamoja. Ilikuwa ni aina moja ya chembe nyeupe za damu imezidi mstari kidogo sana, kitu ambacho mtu aliyetoka kwenye mafua anaweza kukutwa nacho, na mama alikuwa ametoka kuumwa mafua. Dokta aliposikia akasema, mnaona sasa?

Nikamwambia kwa heshima zote, dokta, aliyemwogopesha huyu mama sio simu, ni ile H ambayo hakuna aliyemwambia inamaanisha nini. Viwango vya kawaida vya maabara vimepangwa kwa namna ambayo kwenye kila kipimo watu wapatao 5 kati ya 100 walio wazima kabisa watatoka nje ya mstari. Ukipima vitu ishirini kwa mpigo, kukuta alama moja nyekundu ni jambo la kawaida. Sisi tunajua, mgonjwa hajui. Toka hapo kabla ya sindano ya damu tunamwambia hivi: "Mama, majibu yataingia jioni. H ni juu ya kiwango, L ni chini. Ukiona moja usishtuke, hata mtu mzima wa afya anaweza kuwa nayo. Sisi na wewe tunafuata namba hizi, ya sukari na ya figo. Hizo nyingine daktari anazisoma. Kukiwa na kitu cha haraka tutakupigia sisi, hatutasubiri uone mwenyewe." Ni maneno ya nusu dakika. Fanyeni hivyo kabla ya kitu kingine chochote, kabla hata ya kumpa mtu namba ya siri.

Na namba za kumfundisha ziwe chache. Kwa mgonjwa wa presha, kwa walio wengi tunataka iwe chini ya 140/90, daktari wake anaweza kumwekea ya chini zaidi. Kwa wa sukari, asubuhi kabla ya kula iwe kati ya 4 na 7, na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, kwa wengi iwe chini ya asilimia 7, mzee sana au mwenye magonjwa mengine anawekewa lengo la juu kidogo kwa usalama wake. Alafu namba za hatari lazima azijue kwa kichwa. Sukari ikishuka chini ya 4, hasa akiwa anatetemeka na jasho linamtoka, asianze kututumia meseji, anywe maji yenye vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari, apime tena baada ya dakika 15. Presha ikifika 180/120 na kichwa kinapasuka au kifua kinabana au upande mmoja wa mwili umelegea, hospitali muda huohuo, hata kama ni usiku. Hii ndo maana halisi ya kujihudumia mwenyewe. Kumwachia mtu namba bila kumwambia afanye nini akiziona, hapo umemwongezea mzigo tu.

Wenzangu wengi hawaamini vipimo vya nyumbani. Wanasema zile mashine za madukani zinadanganya, mgonjwa anajaza anachojisikia. Mi nasema muulize kwanza alifundishwa na nani kupima. Baba mmoja wa Makete, mwezi wa sita na wa saba, kila asubuhi alikuwa anajaza presha kwenye akaunti, 171/98, 168/96, 174/99, na kliniki tulikuwa tumempima 142/86. Dokta akataka kuongeza dawa. Nikaomba nimpigie kwanza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, kamwene."

"Baba, ukiwa unapima presha unakaa wapi?"

"Nakaa jikoni hapa, pembeni ya moto."

"Na mkononi umevaa nini?"

"Sweta na koti. Mwanangu, Makete hii unaijua baridi yake?"

Naijua. Ule mkanda alikuwa anaufunga juu ya sweta na koti, hapo mashine inaweza kupandisha kipimo sana. Nikamwelekeza, toa mkono kwenye nguo kabisa, usikunje mkono wa sweta ukabana juu, mkanda ukae kwenye ngozi. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote chini, usikunje nne, mkono uuweke juu ya meza usawa wa moyo. Tulia dakika 5 usiongee. Usiwe umetoka kunywa kahawa au chai, usiwe umebana mkojo. Pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, jaza zote. Wiki iliyofuata zilikuja 148/90, 150/88, 146/88. Bado ziko juu kidogo, na baridi yenyewe inapandisha presha maana mishipa inajibana, kwa hiyo dokta alikuwa na kitu halisi cha kuamulia. Kwa sisi tunaoishi huku kwenye baridi, swali la sweta liwe la kwanza kumuuliza mgonjwa yeyote anayepima nyumbani, na wewe mgonjwa unayesoma hapa, kama unapimia juu ya nguo acha leo.

Jambo jingine ambalo liliwabadilisha wenzangu kuliko semina yoyote ni wagonjwa kukamata makosa kwenye mafaili. Mgonjwa mmoja alitutumia meseji, "Nesi, hii dawa ya pili kwenye orodha dokta aliniambia niiache mwezi wa tatu kwa sababu ya kile kikohozi kikavu, mbona bado ipo?" Na kweli, ilikuwa ni zile dawa za presha zinazojulikana kwa kuleta kikohozi, ilishasimamishwa kwa mdomo lakini kwenye mfumo ilibaki. Daktari mwingine wa zamu angeiona pale angemwandikia tena. Hakuna mtu mwenye sababu kubwa ya kulisoma faili hilo kwa makini kuliko mwenye mwili wake, nasi tuna mafaili mengi mno.

Hapo ndo linakuja la uandishi. Kama mgonjwa anasoma, andika ukijua anasoma. Sio uandike uongo wala upake sukari, andika kilichotokea. Badala ya "mgonjwa mbishi, hafuati dawa" andika "hakumeza dawa kwa wiki mbili, anasema ziliisha na hakuwa na nauli". Ya pili ni ndefu kidogo lakini ndo inayomsaidia daktari anayefuata, kwa sababu ya kwanza inamfanya amfokee na ya pili inamfanya ampe dawa za miezi miwili. Unene uandike kwa kilo na urefu, usiandike maoni yako.

Kuna majibu ambayo hayatakiwi kumkuta mtu peke yake na simu saa tatu usiku. Kinyama kilichopelekwa kupimwa saratani, kipimo cha VVU, mimba iliyoharibika. Marekani toka Aprili 2021 sheria yao inataka majibu yafunguliwe kwa mgonjwa bila kucheleweshwa, na kuna watu wamesoma habari ya saratani kwenye simu kabla daktari hajapiga. Wapo waliosema bora walivyojua mapema, wapo walioumia. Mi msimamo wangu ni kumuuliza mtu mapema, siku ile ile unachukua kipimo: majibu yakitoka unataka uyaone mwenyewe au tukuite uje na mtu wako? Anachosema kiandikwe na kifuatwe. Vijana wa kompyuta wanaweza kuzuia majibu ya aina fulani mpaka daktari ayafungue, waambieni hilo toka mwanzo mfumo unavyotengenezwa sio baada ya mtu kulia.

Simu ni ya nani? Hili swali liulizwe mapokezi kila mara, kwa sauti ya chini. Huku kwetu simu moja inazunguka nyumba nzima, laini imesajiliwa kwa jina la mume au la kijana wa kwanza, mtoto anachezea gemu na meseji inaingia juu ya kioo kila mtu anaisoma. Meseji ya kliniki isitaje ugonjwa wala dawa, iseme tu una taarifa mpya, basi. Namba ya siri isiandikwe kwenye jalada la daftari la kliniki, nimeshaziona nyingi zimeandikwa pale. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo hata wewe nesi mwenzangu unayefungua akaunti ya jirani yako kuangalia tu anaumwa nini, hilo ni kosa la kisheria mbali na kuwa jambo baya.

Wazee wengi akaunti zao zinaangaliwa na watoto walioko Dar. Mwanzoni niliogopa, ila imekuwa ni msaada mkubwa, mtoto anaona dawa zinaisha lini anatuma hela mapema. Tatizo ni pale anapopiga simu kugomba, "mama sukari imefika 14 umekula nini tena", na mama wa watu anaanza kuacha kupima ili asigombwe. Kwa hiyo kwanza, mama mwenyewe akubali, tumuulize akiwa peke yake chumbani, asiwe ameshikiwa simu na mtoto. Pili, nyie mnaoangalia akaunti za wazazi, piga simu uulize miguu ikoje, amekula, amelala, dawa zipo, alafu namba ya sukari tuachieni sisi tuiongelee naye.

Dokta mmoja mpaka leo hajakubali, na hoja yake naiheshimu kuliko zote. Anasema akaunti hizi zinamsaidia mwalimu wa Mwanjelwa mwenye simu janja, bibi wa Chunya mwenye kitochi anazidi kuachwa nyuma. Ni kweli kabisa kama tutaishia kwenye simu. Tunachofanya ni kwamba kila asiye na simu janja anaandikiwa zile namba zake tatu au nne kwenye daftari lake, kwa kalamu, tarehe pembeni, ya leo na ya safari iliyopita zikiwa jirani ili aone inapanda au inashuka, na anaelezwa maneno yale yale ya H na L. Na kama mwenye simu janja ameuliza swali lake kwenye meseji akajibiwa, hakuja kukaa kwenye benchi, basi zile dakika zake apewe bibi. Zisipotee kwenye chai.

Sasa meseji. Kwetu nyingi sio za kitabibu, ni "dawa ya sindano imefika?", "kesho kliniki ipo au ni sikukuu?", "bima yangu inasoma?" Mtu anayetoka Kyela au Makongolosi ukimjibu hilo umemwokolea nauli na siku nzima ya kazi. Kinachotusaidia ni kwamba nesi mmoja wa zamu amepangiwa kuzisoma saa mbili asubuhi na saa nane mchana, jina lake liko kwenye ratiba ya zamu kama mtu wa wodini, maana ukisema "atakayepata nafasi atajibu" hakuna atakayejibu, au manesi watazijibu usiku wakiwa wanapika kwao. Zinazohitaji daktari anazipeleka kwake mara moja kwa siku zikiwa zimepangwa, zile za kawaida zina majibu yaliyoandikwa tayari anarekebisha jina na tarehe. Juu kabisa ya ukurasa wa meseji kumeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hapa sio mahali pa dharura, mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura wapige 115 bure, na maswali ya afya kwa ujumla wapige 199 ya Wizara, nayo ni bure.

Kama kituo chenu hakina mtu wa kupangiwa kazi hiyo, zimeni sehemu ya meseji kabisa, acheni ya majibu, dawa na tarehe. Mgonjwa aliyeambiwa mapema kwamba hapa hakuna wa kumjibu atapiga simu au atakuja. Aliyeandika "nesi mguu umeanza kuvimba na una kidonda" na akakaa anasubiri jibu kwa siku nne, huyo ndo tunampoteza.